Bwana Potter Hakurudisha Pesa

Kwa Krismasi saba mfululizo, kuanzia ya 2003 mpaka ya 2009, tajiri mmoja wa Kimarekani aitwaye Potter alitubu kijijini Ushongo. Alitubu kwa sauti yangu. Nilisimama kando ya televisheni ya inchi 21, mkono mmoja nimeshika kipaza sauti, mwingine leso ya kufutia jasho, na kila nilipomtubisha banda zima lilipiga makofi mpaka vumbi la makuti likatuangukia vichwani. Kina mama walijifuta machozi kwa ncha za khanga. Watu walitoka wakinipa mkono kama vile pesa nimezirudisha mimi.

Potter hajawahi kutubu. Picha ilipigwa mwaka 1946, na hata leo ukiiweka utamkuta yuleyule: kaketi kwenye kiti chake cha magurudumu, pesa za watu anazo, na picha inaisha hakuna aliyemuuliza. Mwisho ule wa Ushongo niliutunga mimi.

Asiyepajua kwetu avuke mto Pangani kwa pantoni, ashukie Bweni, kisha afuate njia ya kusini katikati ya minazi na katani mpaka aione bahari tena. Kijiji ni cha wavuvi, Waislamu kwa wingi, na Wakristo waliokuja kufuata kazi za hoteli za ufukweni na za mashamba. Krismasi huliwa na wote. Mwenye pilau anapeleka sahani kwa jirani, na jirani aliyepeleka sahani siku ya Idi anapokea bila maelezo. Miaka ile jioni ya sikukuu watu walikuja kwangu. Banda lilikuwa la makuti, viti ni magogo ya mnazi, umeme wa jenereta niliyoifukia nusu mchangani ili isitupigie kelele. Mkubwa shilingi 200, mtoto 100.

Sikuwa naonyesha tu, nilikuwa natafsiri. Enzi zile kila kijana mwenye deki na Kiingereza cha sekondari alijiona Lufufu, yule bwana wa Dar es Salaam ambaye sauti yake juu ya picha za kigeni ilijulikana nchi nzima. Tulimuiga hata kikohozi. Tulichojifunza kwake, au tulichodhani tumejifunza, ni kwamba mtafsiri si mtumwa wa picha. Mhusika akisema maneno matatu, wewe sema kumi. Akinyamaza, msemee.

Kanda ya *It's a Wonderful Life* niliipata katika boksi la kanda alilotuachia mgeni mmoja Mmarekani. Wenzake walituachia viatu na vitabu vya kuchoka. Alinieleza kwamba kwao wanaitazama kila Desemba, nikadhani ni ya kanisani. Baadaye nimesoma kisa chake, na ni kisa cha ajabu. Bwana mmoja aitwaye Philip Van Doren Stern aliandika hadithi, akakosa mchapishaji, akaichapisha mwenyewe nakala 200 na kuwapelekea watu kama kadi ya Krismasi mwaka 1943. Frank Capra akaifanya picha, James Stewart akawa mhusika mkuu, na ilipotoka haikurudisha gharama zake. Ingekufa. Kilichoiokoa ni uzembe: mwaka 1974 wenye haki nayo hawakuihuisha hakimiliki, vituo vya televisheni vikaanza kuirusha ovyo kila Krismasi kwa kuwa haikuwa na malipo, na kizazi kizima kikakua nayo. Napenda kukikumbuka kisa hicho, kwani kinanionyesha kosa lililozaa heri. Langu halikuzaa.

Sikuwa na imani nayo hata kidogo. Nyeusi na nyeupe, zaidi ya saa mbili, watu wanaongea tu, hakuna anayepigwa ngumi ya maana. Krismasi za nyuma niliweka filamu ya Yesu, ile ya 1979 iliyofuata Injili ya Luka, halafu nikamalizia na makomando ili vijana nao wapate haki yao. Mwaka 2003 kanda ya Yesu ilikuwa imeliwa na deki. Nikasema basi, tujaribu hii, wakichoka nitaibadilisha.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, mwezi mmoja tangu Idi. Giza la mwezi mchanga, bamvua, maji yamepanda mpaka karibu na mitumbwi iliyovutwa juu. Kaskazi ilivuma mchana kutwa, lakini ndani ya banda hewa ilisimama. Mbele yetu theluji inaanguka juu ya watu waliovaa makoti. Mtoto mmoja akauliza ile ni chumvi au sufi. Nikamjibu ni barafu ya kama Kilimanjaro, na watu wale wanatetemeka kwa baridi. Kumbe picha ile ilipigwa wakati wa joto kali la California, na theluji ni povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. Povu hilo lilipata hata tuzo ya ufundi, maana kabla yake studio zilimwaga vipande vya mahindi vilivyopakwa rangi nyeupe, vikawa vinakwaruza chini ya viatu. Stewart pale darajani, uso unamng'aa, ni jasho. Walikuwa wanatoka jasho kama sisi.

Hawakuchoka. Walimfuata Joji Bailey tangu utotoni, alipomtoa mdogo wake kwenye maji ya barafu akapoteza sikio moja. Yule mfamasia aliyefiwa na mwana alipomzaba makofi kwenye sikio bovu, bandani palisikika mguno mmoja wa watu wote. Joji anataka kusafiri dunia, na kila akifunga mizigo jambo linazuka, anabaki. Anabaki kuendesha chama cha kuweka na kukopa alichokiacha baba yake, ambacho Potter, mwenye mji, anatafuta kukivunja. Wazee waliokulia kwenye Azimio la Arusha walimtambua Potter hajafika mbali. "Kupe huyo!" akasema mmoja, na jina likamganda. Nimesoma kwamba mwaka 1947 FBI nao waliandika ripoti wakilalamika jinsi picha ile inavyomchora mwenye benki. Wangekuja kuketi magogoni kwetu wangeandika ripoti ndefu zaidi.

Kisha ikafika sehemu ambayo sikuitegemea. Watu wanakimbilia chamani kudai akiba zao zote kwa siku moja. Joji anawaeleza kwamba pesa hazimo kabatini, zimo kwenye nyumba za jirani zao. Anatoa dola 2,000 alizoziweka za fungate yake, anawagawia, na mwanamke mmoja badala ya kudai zote anaomba dola 17 na nusu tu. Wakati wa kufunga zimebaki dola mbili. Nilikuwa natafsiri nikasikia banda limekuwa kimya kabisa, jenereta tu. Nikageuka. Walikuwa hawaniangalii mimi wala hawanisikilizi. Walikuwa wanaelewa peke yao. Nusu ya waliokuwepo walikuwa wanachama wa chama chetu cha kuweka na kukopa, kile ambacho siku hizi wengi wangekiita kikoba: watu 27, sanduku la mbao, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti.

Na sanduku lilikuwa tupu.

Mweka hazina alikuwa ami yangu, mdogo wake baba. Mwanzoni mwa Desemba chama kiliamua pesa zisikae tena kijijini, zipelekwe benki Pangani. Shilingi 430,000. Ami alizitia kwenye mfuko wa rambo, rambo akaitia chini ya kapu la ukindu, juu akapanga nazi. Bweni pantoni lilichelewa, watu wakajaa, lori likapanda, baiskeli zikasukumana. Alilitua kapu kumsaidia mama mmoja kumpandisha mtoto. Alipofika ng'ambo alilichukua kapu lake. Nazi zilikuwepo zote. Alirudi jioni ile kwa miguu kutoka Bweni, na kapu lake la nazi kichwani, kwa sababu hakujua la kuzifanyia.

Kijiji kiligawanyika. Wengine walisema kaibiwa, wakamtaja mchuuzi mmoja wa nazi aliyekuwa kwenye pantoni lilelile. Wengine walisema kazila.

Sasa msomaji aliyeiona picha anajua kinachofuata, na mimi pale sikujua, nilikuwa naitazama mara ya kwanza pamoja nao. Joji ana ndugu wa baba yake, Billy, anayefanya kazi chamani. Siku ya mkesha wa Krismasi Billy anakwenda kuweka dola 8,000 benki, anazifungia bila kujua ndani ya gazeti, na gazeti analitupia mapajani mwa Potter. Potter anazikuta, ananyamaza.

Kiingereza kina neno moja tu, halikuambii kama ni ndugu wa baba au wa mama. Lakini jina la chama lilikuwa ukutani pale kwenye picha, la ndugu wawili, baba yake Joji na nduguye. Billy ni ami. Mimi nikasema "mjomba." Nilisema kwa makusudi. Ami yangu alikuwa safu ya tatu, karibu na nguzo, kofia mkononi, na nilitaka watu wasigeuke kumwangalia. Waligeuka hata hivyo. Watu wa pwani hawahitaji uwaambie nani ni ami ya nani.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, na hofu ikanifanya mjanja. Joji anakwenda kwa Potter kuomba mkopo, na anapoulizwa pesa zimekwendaje, anajibu kwamba aliyezipoteza ni yeye mwenyewe. Si Billy. Yeye. Nililisikia jibu lile vizuri, Kiingereza chake si kigumu. Nikaliruka. Nikamfanya aseme, "Mjomba wangu kazipoteza." Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa kaka yake mweka hazina, nimesimama mbele ya watu 70 na kipaza sauti, na mwanamume mwenzangu wa kwenye picha alikuwa amefanya jambo ambalo mimi kwa wiki tatu sikuwa nimelifanya wala kulifikiria.

Yaliyobaki niliyapitisha salama: malaika anashuka, anamwonyesha Joji mji ungekuwaje kama asingezaliwa. Hilo halikuhitaji ufafanuzi. Halafu anarudi nyumbani mbio kwenye theluji, na mkewe kishazunguka mji mzima kuwaambia watu. Wanaingia mmoja mmoja, wanamwaga pesa ndani ya kapu. Hakuna anayeuliza nani kaiba. Mtumishi wa nyumbani anatoa akiba yake, mkaguzi aliyekuja kumshitaki anachangia, afande anachana hati ya kumkamata. Potter hayupo, wala hatajwi.

Mimi nikaona haiwezekani. Nikaona watu wangu hawatakubali picha iishe mwizi hajapatikana. Picha za bandani kwangu adui hufa, au hupiga magoti. Basi juu ya sura za watu wanaoimba na kuchangia nikashusha hadithi yangu: nikasema kengele zile ni habari njema, kwamba Potter moyo umemsuta, kazituma pesa zote kwa mtu wake, na hawa mnaowaona wanamwaga mezani ndio wajumbe wanazirudisha kidogo kidogo, pesa zilezile. Nikamsemea hotuba ya toba ambayo kanda haikuwa nayo. Na nikakaza sauti nikitazama mlangoni, nikidhani mwizi wa pantoni yumo au jirani yake yumo.

Kwa picha nyingine sijawahi kupata makofi kama yale.

Mkoa wetu una historia ya watu kama mimi. Kule Vugiri, kwenye milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, ukiongozwa na Meja Notcutt, kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Walizungusha filamu kwa lori mpaka Nyasaland, maelezo yakitoka kwenye sahani za santuri. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: mfanyakazi wa shambani anafukia mshahara wake ardhini, mwizi anauchimbua. Wasomi wa wakati ule, na waliowafuata, walibishana kwa uzito mkubwa ni mambo gani Mwafrika anaweza kuyafuata kwenye picha na yapi yatamchanganya. Nilipoyasoma hayo niliwacheka, kisha nikaacha kucheka. Wao angalau walikuwa wageni. Mimi niliwahukumu watu niliokula nao pilau mchana uleule, kijiji ambacho watu wake hupanda boti mpaka kisiwa cha Maziwe kuhamisha mayai ya kasa yasimezwe na maji, mayai yasiyo yao na kasa wasiyemfuga. Nikaona hawataelewa watu wanaochanga bila kumpata mwenye kosa.

Siku ya pili Ijumaa watu walitoka msikitini wakisubiri. Nilisikia kwa masikio yangu: "Leo atarudisha, jana kasikia." Ijumaa ikapita. Mchuuzi wa nazi, ambaye sina ushahidi wowote juu yake mpaka leo, alipita na watoto wakamwita Potter, akaacha kuja Ushongo kununua. Hilo nalo ni langu. Wale walioamini kwamba ami kazila wakapata kauli. Walikuwa hawana kauli kabla, nikawapa mimi. Walimpita barazani wakasema, si kwake, hewani: "Hata Potter katubu."

Ami hakuwa na cha kutubia. Mtu asiye na kosa ukimwekea mfano wa aliyetubu unamfunga mdomo, maana akikana ni mgumu wa moyo na akikiri ni mwongo. Mwezi wa kwanza aliuza ngalawa yake, akatoa 150,000, akaenda dago kusini. Alirudi kwa misiba, hakulala. Mimi Desemba iliyofuata watu waliniomba picha ya Joji, nikaiweka, na nikalazimika kurudia uongo wangu neno kwa neno, kwa kuwa watoto walikuwa wameukariri. Nilipokosea kipande walinisahihisha.

Mwaka 2014 tulimleta ami kumzika. Kama ilivyo desturi, kabla ya kuondoka makaburini lazima mtu wa familia asimame kuuliza nani anamdai marehemu. Nilisimama mimi. Palikuwa kimya, halafu mzee mmoja wa chama, mmoja wa wale watatu wa funguo, akasema deni la chama tumelisamehe. Wengine wakaitikia. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga jenereta. Shilingi 280,000 zilizokuwa zimebaki. Nimezigawa zile 430,000 mara nyingi kichwani: kwa watu 70 waliokuwemo bandani ni shilingi 6,143 kwa kila mtu, viingilio 31. Mfukoni mwangu usiku ule, baada ya watu kutoka, mlikuwa na shilingi 11,000 za mlangoni. Kapu lilikuwepo pale kwenye picha, wazi, linajaa. Ningenyamaza tu. Sikuhitaji hata kutafsiri.

Mwaka juzi kijana mmoja aliyekuwa akikaa mbele mchangani, sasa anafanya kazi Tanga mjini, alinitumia ujumbe. Kaka, picha ya Joji nimeitazama mwenyewe kwenye simu, mbona mzee hakutubu? Nikamjibu kwamba zipo za aina mbili. Nikakaa na jibu hilo siku mbili, kisha nikamwandikia ukweli.

Krismasi iliyopita nilifunga shuka jeupe uani kwa mke wa ami, nikaazima projekta. Walikuja watu kumi na tano hivi, wengine na watoto wao. Nikawaambia kabla ya kuwasha kwamba leo nitasema wanachosema tu. Kwenye "ami" nilisema ami. Tulipofika ofisini kwa Potter, Joji anaomba mkopo, nikatafsiri: anasema yeye ndiye aliyezipoteza.

Mama mdogo alikuwa kwenye mkeka, anamenya machungwa. Kisu kikasimama.

"Kasema nani kazipoteza?"

"Yeye mwenyewe, mama."

"Zile siku nyingine hukusema hivyo."

"Sikusema."

"Na Kiingereza ulikuwa unakijua."

"Nilikuwa nakijua."

Aliliweka chungwa chini. "Rudisha," akasema. "Rudisha nisikie tena."

Nikarudisha.